Barua kwa mwanangu: vitabu vipya vya picha ulivyoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kununua. Unasema mjukuu wangu mkubwa ametimiza miaka 4, mdogo wake ana miezi 5, nawe ulisimama mbele ya rafu ya vitabu vipya vya picha hadi ukachanganyikiwa, ndipo ukaniomba nikutajie vitano vilivyo bora kuliko vingine. Sitakutajia vitano. Miaka niliyofanya kazi katika sehemu ya watoto ya maktaba imenionyesha kwamba orodha za namna hiyo huchakaa upesi kuliko vitabu vyenyewe, tena kinachomchekesha mtoto wa jirani huenda kikamchosha wa kwako. Nitakueleza jinsi ninavyokipima kitabu nikiwa nimesimama papo hapo penye rafu, kazi ambayo haizidi dakika chache.

Ninaanza na lile neno "kipya". Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma, utazame mwaka wa toleo la kwanza. Vitabu vingi vinavyopangwa mbele ni vya zamani vilivyovikwa jalada jipya. Hilo si kosa, na mara nyingine ni sifa, ila usije ukanunua kwa jalada jingine kitabu ambacho tayari mnacho nyumbani.

Kisha funika maneno kwa kiganja chako na ufuate picha peke yake, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote. Mtoto wa miaka 4 hajui kusoma herufi, lakini picha anazisoma kwa makini kutushinda sisi. Wakati wewe macho yako yako kwenye mistari, yeye ameshaona panya aliyejificha chini ya kiti. Picha zikiwa zinarudia tu yale ambayo maneno yamekwisha kuyasema, kwamba mtoto amevaa kofia nyekundu na kweli amechorwa na kofia nyekundu, basi hapo pana mapambo tu, na mtoto hana la kufanya isipokuwa kungoja ukurasa ugeuzwe. Mfano wangu wa kudumu ni Rosie's Walk, kilichochorwa na kuandikwa na Pat Hutchins mwaka 1968. Maneno yake yote ni 32, nayo yanaeleza matembezi ya kuku kuzunguka shamba na kurudi kwake salama. Mbweha anayemnyemelea hatajwi hata mara moja, ingawa kwenye picha yupo nyuma ya kuku muda wote, na kila anaporuka kumkamata hupatwa na janga jipya. Msomaji anasema jambo moja, mtoto anaona jingine, naye hawezi kukaa kimya. Ukiokota kitabu cha mwaka huu, jiulize: mbweha wake yuko wapi? Si lazima awe mnyama. Huenda ni uso wa mama usiolingana na maneno anayoyasema, au paka mwenye safari yake ya pembeni.

Halafu angalia kinachotokea pale unapogeuza karatasi. Vitabu vya picha kwa kawaida vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa za kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukiondoa jina la kitabu na hakimiliki, mchoraji hubakiwa na nafasi ya kugeuza karatasi mara 12 au 14 hivi, na mchoraji hodari haipotezi hata moja: swali linaachwa mwisho wa ukurasa wa kulia, jibu linangoja nyuma yake. Ukigeuza mara tatu bila kutamani kujua kilicho mbele, kirudishe kwenye rafu.

Soma pia kurasa mbili kwa sauti, hata kama watu watakutazama. Kitabu atakachokipenda utakisoma usiku baada ya usiku, na sentensi inayokukwaza mara ya kwanza itakuwa adhabu ifikapo mara ya thelathini. Jihadhari hasa na vina vya kulazimisha, ambavyo mwandishi amepindua sentensi nzima ili neno la mwisho lipate mwenzake. Na kile ambacho ukurasa wake wa mwisho una mtu mzima anayemweleza mtoto somo alilojifunza, mimi huwa sikinunui kabisa. Labda ni ukaidi wangu.

Kuhusu tuzo, zitumie kama mahali pa kuanzia utafutaji. Medali ya Caldecott hutolewa nchini Marekani tangu mwaka 1938 kwa uchoraji wa kitabu kimoja cha picha, ilhali tuzo ya Hans Christian Andersen, iliyoanza kuwatambua wachoraji mwaka 1966, huangalia kazi yote ya mtu. Kwa hiyo tuzo hii ya pili itakupa majina ya wachoraji wa kufuatilia. Lakini waamuzi ni watu wazima. Nilikununulia wewe kitabu chenye muhuri wa tuzo juu ya jalada, nikakisifu kwa kila aliyetutembelea, nawe ukakifanya daraja la kupitishia magari yako ya kuchezea.

Wa miezi 5 mambo yake ni mepesi. Mchagulie kitabu cha kurasa ngumu, chenye pembe zilizoviringwa, kwa sababu atakitafuna kabla ya kukitazama, na chenye picha moja kubwa yenye rangi zinazotofautiana waziwazi kila ukurasa. Hadithi haihitaji bado. Anachohitaji ni sauti yako na mapaja yako. Usidhani ni mapema mno, kwani chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2014 kwamba wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu kuzaliwa.

Ukirudi kwenye rafu, mchukue huyu mkubwa. Wewe pima kwanza hadi vibaki viwili, kisha mwachie avishike mwenyewe bila kumsomea lolote. Kile atakachokirudisha kwenye ukurasa wa kwanza mara tu anapofika mwisho, ndicho ununue, kisha uniandikie jina lake na la mchoraji, kwa maana nami nataka kukitafuta kabla hamjaja kunitembelea.

Wako akupendaye,
Mama