Maswali ya Wasomaji: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Swali: Mhariri, salaam. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, ile ya zamani inayozunguka. Nikiiwasha naweza kwenda kuoga nikarudi, bado haijatulia. Fundi mmoja ananiambia niongeze RAM, mwingine anasema niachane nayo kwa kuwa Windows 10 imefikia mwisho. Nimsikilize yupi? – Mwalimu mstaafu

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Kabla ya kumsikiliza yeyote, iulize laptopu yenyewe. Iwashe, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na ufungue ukurasa wenye grafu. Tazama mistari miwili tu: diski na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia ikiwa kazini; huandikwa "Memory"). Kama diski inaganda kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa huku kasi ya kusoma ikiwa MB chache tu kwa sekunde, tatizo ni diski. Kama diski imetulia lakini RAM imejaa asilimia 90 mara tu unapofungua kurasa tatu nne za intaneti, basi fundi wa kwanza ana hoja. Kwa maelezo yako tunaamini utakuta la kwanza.

Sababu ni hii. Diski ya laptopu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi. Kila faili ndogo inapohitajika, kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi mahali pake na kusubiri sahani ifike. Ndiyo maana diski hiyo haifikishi usomaji mdogomdogo 100 kwa sekunde moja, wakati SSD (diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka) ya kawaida ya plagi ya SATA hufanya makumi ya maelfu. Kuwasha Windows ni kusoma faili ndogo kwa maelfu, kwa hiyo prosesa yako inakaa bure ikisubiri. Hata RAM ndogo inaumiza zaidi ukiwa na diski ya namna hii, kwa sababu RAM ikijaa kompyuta huhamishia mzigo diskini. Kumuuzia mtu RAM wakati diski ndiyo inayolia ni kumpotezea fedha, na tunalisema hili kwa uzito kwa sababu linatokea mno.

Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. GB 240 zinatosha kwa nyaraka na intaneti. GB 480 zinakupa nafasi ya kupumua. Nunua pia waya wa kuunganisha SATA na USB. Kwanza hifadhi nakala ya nyaraka zako mahali pengine. Hakikisha vilivyomo kwenye diski ya zamani ni vichache kuliko ukubwa wa SSD, kisha unganisha SSD kwa ule waya na utumie programu ya kunakili diski nzima. Hapa ndipo wengi huteleza: wananakili sehemu ya C peke yake na kuiacha ile sehemu ndogo iliyofichwa ambayo kompyuta huitumia kuwakia. Matokeo yake ni skrini nyeusi inayosema hakuna cha kuwasha. Chagua diski nzima. Na kama BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, imewashwa, isimamishe kwanza.

Kisha zima, chomoa chaja, na toa betri kama inatoka. Kama betri iko ndani, ichomoe kwenye bodi kabla ya kugusa kingine chochote. Diski hukaa ndani ya fremu ya bati yenye skrubu nne ndogo. Tumia bisibisi ya nyota PH0, maana kubwa zaidi ya hiyo italamba vichwa vya skrubu. Plagi ya diski ivute kwa kushika plastiki yake, usivute ule utepe wa waya. Diski ya zamani ikiwa na unene wa milimita 9.5, SSD itachezacheza ndani ya fremu. Bandika kile kipande cha plastiki ambacho mara nyingi huja kwenye kasha lake.

RAM iongeze baadaye kama bado unaihitaji, na usiinunue kwa kukisia. RAM ya laptopu ya aina ya DDR3L ina pini 204 na hutumia volti 1.35, DDR4 ina pini 260 na hutumia volti 1.2. Pengo la kadi liko mahali tofauti, kwa hiyo haziingiliani. Laptopu nyingine RAM yake imechomelewa kwenye bodi, haina nafasi ya kuongezea hata moja. Fungua uone kabla ya kulipa.

Kuhusu Windows 10, ni kweli Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha yana mwisho wake 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 na kuendelea kwa sehemu kubwa. Kama laptopu yako haifiki hapo, weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kujaribu Wi-Fi, sauti na printa bila kugusa kilichomo diskini. Kwa kuandika, kusoma barua pepe na kutazama video, itakufaa miaka kadhaa zaidi. Hakuna sababu ya kuitupa.

Swali: Jamani, padi ya gemu ya mwanangu inatembea yenyewe. Mchezaji anaenda kushoto wakati hakuna aliyegusa kijiti. Tumeshanunua ya pili, nayo imeanza. Tunafanya kosa gani? – Mama wa wachezaji wawili

Jibu: Hamjakosea kitu, Mama. Ni namna vijiti hivyo vilivyoundwa. Chini ya kila kijiti kuna vipimo viwili, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Ndani ya kila kimoja mkono mwembamba wa chuma unakwaruza njia ya kaboni, na konsoli husoma volti kujua kijiti kimelala wapi. Kaboni inalika. Vumbi lake linabaki mlemle na kuharibu usomaji, hasa pale katikati ambapo mkono hupita mara nyingi zaidi.

Tofautisha kwanza uchafu na kupotea kwa kipimo. Kwenye Nintendo Switch, ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti ufungue ukurasa wa kusawazisha vijiti, uachie kijiti na utazame alama. Ikitulia mahali pamoja nje ya katikati, kusawazisha upya kunaweza kutosha. Ikirukaruka yenyewe, kuna uchafu au kaboni imelika. Kwa DualSense, padi ya PS5, zima konsoli, bonyeza kwa sindano butu kitufe kilicho ndani ya tundu dogo nyuma ya padi kwa sekunde 5, kisha iunganishe tena kwa waya wa USB.

Kama haijapona, tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Padi ikiwa imezimwa, dondosha matone mawili matatu kwenye shina la kijiti, kizungushe pande zote kwa nusu dakika, kisha iache ikauke kabisa kabla ya kuiwasha. Usitumie mafuta ya kulainisha ya aina yoyote, yananasa vumbi. Tuseme ukweli: dawa hii huleta nafuu ya muda. Kaboni iliyolika hairudi.

Kwenye Joy-Con, padi ndogo za Nintendo Switch, kubadilisha kijiti ni kazi ya nyumbani. Kinashikwa na skrubu na utepe mmoja, hakuna kuchomelea, ila unahitaji bisibisi ya pembe tatu ya Y00. Kwenye DualSense kijiti kimechomelewa kwa pini 14, hivyo mpelekee fundi mwenye mashine ya kunyonya risasi ya kuchomelea, na mwambie akisawazishe baada ya kukifunga. Kisiposawazishwa, hata kipya kitatembea siku hiyohiyo. DualSense Edge ndiyo pekee katika ukoo huo ambayo kijiti chake huchomolewa kizima kwa mkono.

Ushauri wetu ni kwamba, ukibadilisha, weka vijiti vya sumaku vinavyoitwa Hall effect. Ndani yake hakuna kinachokwaruza kingine: sumaku inasogea, kihisi kinasoma. Inasikitisha kwamba padi zinazokuja na konsoli kubwa bado zinatumia kaboni wakati suluhisho linajulikana.

Swali: Nimenunua diski ya nje ya TB 2 kwa ajili ya PS5. Gemu za PS5 zinahamia humo vizuri lakini zinakataa kucheza. Nimeuziwa diski mbovu?

Jibu: Diski ni nzima. Gemu za PS4 huchezwa moja kwa moja kutoka diski ya USB, lakini za PS5 huhifadhiwa tu humo. Ukitaka kucheza lazima uirudishe ndani kwanza. Kwa mwenye intaneti ya taratibu bado ni faida kubwa, maana kurudisha gemu ya GB 80 ni dakika kadhaa badala ya kuipakua upya. Xbox Series X na S zina sheria inayofanana na hiyo kwa gemu zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Ukitaka nafasi ya kuchezea, nunua SSD ya M.2 (ubao mwembamba unaochomekwa ndani ya konsoli) ya NVMe, PCIe Gen4, inayosoma MB 5,500 kwa sekunde au zaidi kama Sony inavyopendekeza, kuanzia GB 250 hadi TB 8. Lazima iwe na bati la kupozea joto, na unene wote pamoja na bati usizidi milimita 11.25. Angalia kipimo hicho kabla ya kulipa, kwani mabati mengi ya kompyuta za mezani ni marefu mno na kifuniko hakitafunga. Zima konsoli kabisa, usiiache kwenye usingizi, na uchomoe waya wa umeme. Ukiondoa kifuniko cha nafasi hiyo utaona skrubu na kijipete cha chuma. Kihamishie kijipete kwenye tundu lenye alama ya 80 kama SSD yako ina urefu wa milimita 80, ambao ndio wa kawaida. Ukisahau kijipete, ubao utapinda unapokaza skrubu. Konsoli ikiwaka itaomba kufomati, basi umemaliza.

Swali: Memori kadi yangu imeandikwa GB 512. Picha za mwanzo ziko sawa, lakini zilizofuata zinafunguka nusu ya kijivu. Naifomati inarudia vilevile.

Jibu: Kadi hiyo ni feki. Programu yake ya ndani imedanganywa iseme GB 512, huku kumbukumbu halisi ikiwa labda GB 32. Ikishajaa, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani au inapotea, na kompyuta haioni kosa. Kufomati hakuwezi kusaidia kwa sababu uongo uko ndani ya kadi. Okoa picha zinazofunguka, kisha ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi hujaza kadi nzima na kusoma tena zilichoandika. Rudisha kadi kwa muuzaji pamoja na matokeo hayo. Kila kadi mpya ifanyiwe jaribio hili siku ya kwanza, kabla ya kupokea hata picha moja.

Tofauti na hiyo, diski ya TB 1 ikionyesha GB 931 kwenye Windows hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Swali: Pawabenki ya mAh 20,000 inachaji simu vizuri, laptopu haiitambui kabisa. Zote zina tundu la USB-C.

Jibu: Tundu ni umbo tu. Laptopu nyingi za USB-C zinataka volti 20, na pawabenki za wati 18 au 22.5 huishia volti 9 au 12, hivyo laptopu inakataa. Tafuta pawabenki yenye USB Power Delivery (mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C) ambayo kwenye orodha yake ya matokeo imeandikwa 20V, na wati zisizopungua 45. 65 ni bora. Waya nao una neno. Waya wa kawaida wa USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Chaja ya wati 65 inahitaji ampea 3.25, kwa hiyo bila waya wa ampea 5 hutaipata nguvu yote.

Usitegemee mengi. Zile mAh 20,000 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli, sawa na Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati). Ukitoa kinachopotea kwenye kubadilisha volti unabaki na Wh 60 na kidogo, ambazo zinaijaza laptopu yenye betri ya Wh 50 mara moja.

Swali: Kwenye runinga mpya ya 4K nikibonyeza kitufe mchezaji anachelewa kuruka. Runinga ya zamani haikuwa hivi. Ninunue waya wa HDMI ghali?

Jibu: Weka fedha mfukoni. Waya haucheleweshi picha. Hali ya picha ya runinga ndiyo inayochelewesha. Hali za sinema huchakata kila picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji unaweza kupita milisekunde 100, yaani picha sita kwenye gemu ya picha 60 kwa sekunde. Fungua mipangilio ya picha uweke hali ya gemu, na uzime ulainishaji wa mwendo. Hali hiyo huwekwa kwa kila tundu la HDMI peke yake, kwa hiyo hakikisha uko kwenye tundu la konsoli unapobadilisha. Waya wa HDMI 2.1 utauhitaji tu ukitaka 4K kwa picha 120 kwa sekunde, na hapo pia soma maandishi nyuma ya runinga: mara nyingi ni tundu moja au mawili tu yanayoukubali mzigo huo.