Bana zilizogandia maziwa: loweka kwanza, kostiki iache

Pole na jiko lako la gesi, dada. Umesema maziwa yalifurika, makande yakamwagikia juu yake, na sasa bana zote mbili, yaani vile vichwa vinavyotoa moto, zina gaga jeusi, moto wa njano, masufuria yanaingia masizi. Fundi naye kakwambia utumbukize kila kitu kwenye kostiki soda, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba. Nakuomba sana usifanye hivyo. Mimi nauza chai ya maziwa na supu kila asubuhi kwa jiko la gesi la plate mbili, kwa hiyo gaga hili nalijua vizuri.

Kabla ya dawa yoyote, jua kila kipande ni cha madini gani. Chukua sumaku, hata ile ya mlango wa friji. Vile vyuma vya kukalishia sufuria vitaishika. Kichwa cha bana chenyewe, kama ni chepesi mkononi, cha kijivu, na sumaku haikishiki, basi ni aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu. Utaona mapovu yanachemka ukadhani uchafu unatoka, kumbe ni chuma chenyewe kinaliwa, na gesi inayotoka pale ni haidrojeni, inashika moto. Matundu yakishalika yakapanuka, bana hiyo ni ya kununua nyingine. Hata magadi ya kuchemshia maharage yaweke mbali nayo, yanaipiga weusi usiotoka.

Funga koki ya mtungi, acha jiko lipoe, vua vipande vyote. Vichwa vya bana viweke kwenye beseni la maji ya moto yenye sabuni ya kuoshea vyombo, uviache usiku kucha. Kinachotoa gaga la maziwa ni muda. Maji yakishaingia ndani yake linavimba, linakuwa laini kama ukoko uliolowekwa, na asubuhi unalisukuma kwa ncha ya mwiko wa mbao. Pakibaki pagumu usiongeze nguvu, badilisha maji uloweke tena. Kisu na stilwaya vinaacha mikwaruzo, na chakula kitakachomwagika kesho kitashikia humohumo.

Vyuma vya sufuria vinavumilia zaidi. Vichemshe kwenye sufuria ya stili, isiwe ya aluminiamu, na baking soda vijiko viwili vya mezani kwa kila lita ya maji, karibu nusu saa. Mafuta yaliyoungulia yatalegea. Kama vina ile rangi nyeusi inayong'aa, hiyo ni enameli, usiipige stilwaya. Ikibanduka, chuma kinaanza kushika kutu.

Kuna ushauri unarudiwa kila mahali wa kuchanganya siki na baking soda. Povu lake linapendeza macho, lakini vikikutana vinauana nguvu na unabaki na maji yenye chumvichumvi. Vitumie kila kimoja peke yake: baking soda kwa mafuta na vilivyoungua, siki kwa yale madoa meupe ya maji ya chumvi, kisha suuza upesi. Na siki au ndimu usivikutanishe na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, hata kidogo, vinatoa gesi ya klorini, mbaya sana kwa mapafu ndani ya jiko dogo.

Sasa matundu, maana moto wako wa njano huenda unaanzia hapo. Inua kichwa cha bana uelekeze kwenye mwanga wa dirisha, uzungushe taratibu: tundu zima litaonyesha nukta ya mwanga, lililoziba litakuwa giza. Zibua kwa pini, tundu moja moja. Njiti ya meno inakatikia ndani. Ile nozeli ndogo ya chini inayoleta gesi usiipanue, wala usimruhusu fundi aipanue, gesi itazidi hewa na moto utazidi kuwa wa njano. Ukiwa hapohapo, chungulia bomba linalovuta hewa chini ya bana. Buibui hupenda kutanda humo, na mende nao hukimbilia humo. Pitisha kibrashi chembamba.

Anika vipande juani mpaka vikauke kabisa hata ndani, maji yakibaki moto unarukaruka. Ukirudisha, hakikisha kifuniko cha bana kimekaa kwenye nafasi yake bila kuyumba, kisha washa. Unataka moto wa buluu uliotulia. Mpaka uupate, pika madirisha yakiwa wazi, kwa sababu moto wa njano unaotoa masizi unaweza kutoa na kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu.

Ukimaliza yote na moto bado ni wa njano, tazama ni bana moja au zote mbili. Ikiwa ni moja, rudia kuizibua hiyo. Zikiwa zote mbili, pima kama mtungi unaelekea kuisha, na kama gesi ipo ya kutosha, peleka regyuleta, kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza presha ya gesi, ikaangaliwe ulikonunulia gesi.