Uwanja wa Mbwa: Anamfukuza sungura, akiitwa harudi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi mtu wa Tanga, nafanya kazi kwenye mashamba ya kabichi huku Lincolnshire, Uingereza. Mwenye shamba jirani ameniruhusu niwinde sungura wanaomlia ngano changa. Nimepata mbwa jike wa miezi saba, lurcher, mama greyhound, baba ana damu ya mbwa wa kondoo. Mbio anazo! Juzi nilimtoa usiku na kurunzi, akamkimbiza sungura mpaka kwenye ua wa miiba. Sungura akazama shimoni, yeye akabaki pale anabweka. Namwita, haji, akiondoka hapo anaranda shamba zima peke yake. Nifanyeje? Halafu, nyama ya sungura aliyekamatwa na mbwa inafaa kwetu Waislamu? – Msomaji, Lincolnshire

JIBU: Marahaba mwanangu. Mrudishe nyumbani kwanza. Miezi saba ni mtoto huyo, hata miguu yake haijajua urefu wake. Mifupa ya mbwa wenye damu ya greyhound huendelea kukomaa mpaka mwaka na zaidi, na shamba la usiku lina mitaro, mawe na seng'enge. Sasa hivi ni Mei. Hesabu mpaka Novemba: ngano ya zamani itakuwa imevunwa, usiku ni mrefu, naye atakuwa na mwaka na mwezi. Hapo ndipo utakapoanza.

Kwa wasomaji wa nyumbani wanaoshangaa: lurcher ni chotara wa mbwa wa mbio, kama greyhound, whippet au saluki, na mbwa wa kazi mwenye akili ya kusikiliza. Waingereza wamewatumia kwa sungura miaka mingi. Usiku sungura hutoka mashimoni kula, mtu huwamulika, mbwa huachiwa kwenye mwanga.

Sasa, huko kufukuza usijisumbue kumfundisha, amezaliwa nako. Kazi yako yote hii miezi sita ni kurudi. Anzia ndani ya nyumba. Una ukumbi mwembamba? Funga milango yote, kaa upande mmoja, mrushie soksi iliyokunjwa mpaka mwisho wa ukumbi. Akishaiokota hana pa kwenda ila kwako. Piga goti, geuka ubavu, usimkodolee macho. Akifika usimnyang'anye! Mkune kifua, msifu, mwache aishike kidogo, kisha weka kiganja chini ya kidevu chake mpaka aachie mwenyewe. Anayepokonywa kila mara hujifunza mawili: kukaa mbali nawe na kubana meno. Mara tatu nne kwa siku zinatosha, ukomeshe akiwa bado ana hamu. Soksi ikizoeleka, ivishe ngozi kavu ya sungura, kisha nenda uani, kisha shamba la wazi mchana.

Kubweka kunanitia wasiwasi zaidi. Mimi nilikulia Pemba nikiwafuata wasasi wa nguruwe mwitu, na kule mbwa asiyebweka hana faida, maana sauti yake ndiyo inayokuambia nguruwe yuko kichaka gani. Kwa kurunzi ni kinyume. Akibweka mara moja, sungura wa shamba lote wameshaingia ndani na usiku wako umekwisha. Mbwa mchanga hubweka kwa uchungu, kwa sababu amepewa sungura asiyeweza kumpata. Tabia hiyo ikikomaa sijui dawa yake, ndiyo maana nakwambia asione sungura akikimbia mpaka Novemba. Mtoe usiku, ndiyo, lakini afungwe kamba, utembee naye ukiwasha na kuzima. Mpitishe kando ya kondoo, macho yao yakiwaka kwenye mwanga, naye atembee kama hakuna kitu. Hilo la kondoo usilifanyie mzaha. Mbwa anayesumbua kondoo, sheria ya huko inaweza kumlinda mkulima akimpiga risasi.

Usiku wa kwanza uchague wewe. Uwe mweusi, bila mwezi, na upepo wa kuvumisha miti ili hatua zenu zisisikike. Tembea upepo ukikupiga usoni, tena ukiambaa na ua, ili mashimo yawe nyuma yenu na sungura wawe uwandani. Anayekimbia tayari mwache aende. Mtafute aliyejibanza, masikio yamelala mgongoni, jicho moja linang'aa. Msogelee mpaka hatua ishirini hivi, mbwa amwone, ndipo uachie ncha ya kamba. Mfuatishie mwanga sungura, usimmulike mbwa machoni.

Akimkamata au akimkosa, zima. Giza liwe ndilo linalomwambia kwamba shughuli imekwisha. Kisha mulika chini miguuni pako, mwite mara moja kwa sauti ya chini. Na wakati yuko nje, tafadhali, usianze kupekua shamba kwa mwanga ukitafuta sungura wa pili. Wengi wanaharibu mbwa hapo: anajifunza kwamba yuko mwingine, anaacha kurudi, anajitafutia. Huko kuranda unakolalamikia ndiko huko.

Mbio mbili au tatu, rudini. Asiwe ameshiba kabla ya kutoka. Mkifika, mpanue vidole vya miguu mmoja mmoja, pitisha mkono kifuani na mapajani utafute mikwaruzo ya seng'enge, pumzi itulie, ndipo ale.

Ruhusa ya shamba iwe kwenye karatasi, mfukoni. Sheria ya 1828 dhidi ya uwindaji haramu wa usiku bado inafanya kazi, na inamtaja sungura. Sheria ya Uwindaji ya 2004, inayohusu England na Wales, inaruhusu sungura wa mashimo kwa mbwa kama mwenye ardhi amekubali. Lakini yule mkubwa, mwenye miguu mirefu na ncha nyeusi masikioni, anayelala juu ya ardhi bila shimo, huyo usimwachie mbwa kabisa. Tangu 2022 anayeingia shamba la watu na mbwa kumtafuta huyo anaweza kupata faini isiyo na kikomo na kifungo cha hadi miezi sita. Kabla ya kutoka piga 101, uwaambie polisi mwanga watakaoona ni wako.

Kuhusu nyama: kwetu Masunni sungura ni halali, na Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imeruhusu kinachokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda. Sema Bismillahi wakati unamwachia, si akisharudi. Katika Hadithi ya Adi bin Hatim, mbwa akila katika windo usile, kwa maana amejikamatia mwenyewe. Lakini ukimfunza vile vya ukumbini, mdomo wake utakuwa laini na mara nyingi atakuletea sungura mzima mzima. Akiwa hai umchinje. Mahali palipoingia meno na mate, sisi wa madhehebu ya Shafi huona ni najisi, basi muulize sheikh wa msikiti wako namna ya kuosha.

SWALI: Mzee, mimi niko Nanyuki. Nina mbwa mwembamba mwenye mbio sana. Naweza kufanya kama hao wa Uingereza? – K.

JIBU: Hapana, kijana wangu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamkataza hata anayewinda kwa ajili ya chungu chake. Sungura wa porini yumo. Mrushie soksi.