Umepangiwa Mwamgongo? Nenda

Mdogo wangu, umeuliza kama mwalimu aliyezoea Tabora ataweza kuishi Mwamgongo, kijiji cha Kigoma kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe: milima nyuma, Ziwa Tanganyika mbele, safari ni boti, kama kisiwani. Utaweza, ila kalenda yako itakuwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, na pesa hupungua mtaani. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa miezi 3, Mei hadi Agosti, samaki wazaliane. Hapo ndipo unapojua thamani ya jirani mwenye mihogo.

Kwa hiyo usijifungie ndani. Msibani nenda. Ukimwona mama ameanika dagaa mchangani na wingu linakuja, mkimbilie mwanue pamoja. Utakuwa mwenyeji siku hiyohiyo. Maji ya kunywa chemsha, hata ziwa likionekana safi.