MGB yenye kutu: kagua bodi kwanza, injini iweke kiporo

Ndugu, umesema hiyo MGB ya 1972 unayotaka kuinunua, gari ndogo ya spoti ya Uingereza isiyo na paa la bati, imelala bandani miaka mingi, na mwenyewe anakuhakikishia kutu ni ya juu juu tu na injini inawaka. Mimi nimefufua gari za aina hii, na ningekwenda kuiona nikiwa na jeki, tochi, bisibisi na sumaku. Habari ya injini ningeisikiliza mwisho.

MGB haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa hizi za wazi mzigo mkubwa uko kwenye vizingiti, ile mihimili ya bati inayopita chini ya milango, maana hakuna paa la kusaidia kushikilia mbele na nyuma. Injini yake ya cc 1798 haina makuu, na vipuri vipo vingi kwa sababu gari hizi zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1962 na 1980. Pesa inateketea kwenye bodi iliyooza.

Anza na milango. Ifunge, simama pembeni, tazama upenyo kati ya mlango na bodi. Unatakiwa kuwa sawasawa juu mpaka chini. Kisha omba ruhusa ya mwenyewe, piga jeki taratibu chini ya kizingiti, pale penye sehemu yake ya jeki. Upenyo ukibadilika gari inapopanda, au mlango uliokuwa unafunguka vizuri ukaanza kukwama, bodi inajikunja. Na jeki ikianza kuzama huku bati linachakacha na magamba ya kutu yanadondoka, ishushe hapo hapo. Jibu la vizingiti umeshalipata.

Usiridhike kwa kuwa kizingiti kinang'aa kwa nje. Ncha zake zinaingia ndani ya madigadi, mbele na nyuma, kwa hiyo kukibadilisha inavyotakiwa ni lazima madigadi ya mbele yafunguliwe na ya nyuma yakatwe sehemu ya chini. Kuna mafundi wanaokwepa kazi hiyo, wanachomelea bati jipya juu ya bovu na kupiga rangi. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu bati la ndani linaendelea kuoza na mnunuzi analipa mara mbili. Toa kapeti, mulika kizingiti kwa upande wa ndani, halafu lala chini udonoe kwa bisibisi pale sakafu inapokutana nacho. Chuma kizima kinagoma, kilichooza kinatoboka. Ukikuta lami nyeusi mbichi imepakwa chini ya gari iliyolala miaka, jiulize inaficha nini.

Sumaku ivishe kitambaa chepesi isikwaruze rangi, uiteremshe kwenye madigadi ya mbele, nyuma ya tairi. Juu utaisikia inavuta, halafu ghafla inalegea mkononi: hapo kuna puti, ile ya kuzibia matundu kabla ya rangi, wala si bati. Rudia chini ya madigadi ya nyuma. (Ukija kukagua MGB za miaka ya 60, sumaku isiposhika boneti usishtuke, za mwanzo zilikuwa na boneti za aluminiamu.) Malengelenge ya rangi juu ya madigadi, karibu na kioo cha mbele, yanatoka ndani, ambako tope hukaa na unyevu.

Nyuma ya viti, chini ya sakafu, kuna visanduku vya betri. Ya mwaka huo ilitoka na betri mbili za volti 6, na asidi hula bati lake vibaya sana. Ukishafika huko, donoa pia pale springi za nyuma zinaponing'inia.

Injini nayo, fungua plagi na uizungushe kwa mkono. Ikizunguka inatosha kwa siku hiyo. Linganisha pia namba za gari na hati zake.

Sakafu na visanduku vya betri vikiwa vimetoboka lakini milango inakaa vizuri, bado ningeinunua, kwa bei ya chini. Vizingiti vikiwa vimekwisha, mtafute kwanza fundi wa bodi anayejua kufunga vyuma vya kushikilia uwazi wa milango kabla ya kukata chochote, upate bei yake, ndipo urudi kwa mwenye gari mzungumze.