Gauni kubana kifuani sio kosa la mwili wako, ni kosa la vipimo

Wiki hii mdada mmoja kanitumia picha inboksi, gauni la kitenge la sendofu ya mdogo wake, kitambaa kizuri jamani, ila kifuani limebana mpaka zipu imegomea katikati ya mgongo, na hapohapo mabegani linapwaya. Fundi kamwambia "dada punguza mwili kwanza". Nilivyosoma hiyo meseji roho iliniuma kweli.

Mimi hayo maneno nayajua. Nilivunja ungo mapema na kifua kikaja mapema, na fundi wa mtaani kwetu alikuwa akinipima anatangaza kwa sauti mbele ya wateja kwamba huyu mtoto kifua chake kinamaliza kitambaa cha mama yake. Mpaka leo nayasikia. Nikawa navaa mashati makubwa ya kaka zangu, sherehe za ukoo nikawa naziogopa, na cherehani nilikuja kujifunza kwa hasira hiyohiyo, wala sikuwa nawaza biashara. Sasa hivi wanawake wenye vifua vikubwa wanavuka mji mzima kuja kwangu, na nasema kwa kujidai kabisa, hawaondoki wakivutavuta gauni.

Shida iko hapa: fundi anapima kifua mara moja tu, pale palipojaa, halafu anakata gauni zima kwa namba hiyo. Au anaona namba kubwa anaipunguza kwa macho. Pima mara mbili. Kwanza juu ya matiti, tepu ipite chini ya makwapa, halafu ndio pale palipojaa. Paterni nyingi za kununua, yaani zile karatasi za kukatia nguo, zimechorwa kwa tofauti ya inchi 2 kati ya vipimo hivyo. Tuseme juu una 36 na palipojaa una 41, wewe chukua paterni ya kifua 38 ili mabega na shingo vikukae, halafu inchi 3 zinazopungua uziongeze mbele tu, moja na nusu kila upande.

Kwenye karatasi ya kipande cha mbele unakata mstari kutoka kiunoni kupitia katikati ya dati (lile kunjo lenye ncha linaloipa nguo umbo) mpaka kwenye chuchu, kisha unaelekea kwapani bila kuachanisha kabisa, halafu unakata tena kutoka ubavuni kupitia dati la pembeni. Fungua hiyo inchi moja na nusu. Utaona dati la pembeni linapanuka lenyewe na mbele panarefuka, na huo urefu ndio unaokosekana kwenye magauni yanayopanda mbele ukishavaa. Ncha ya dati iishie kama inchi 1 kabla ya chuchu, ikifika palepale inachongoka vibaya.

Kama gauni limeshashonwa, fumua ubavuni uangalie akiba, yaani kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono. Ukiachia nusu inchi mbele na nusu nyuma, kila ubavu, tayari una inchi 2. Kitenge ukikipiga maji na pasi matundu ya sindano yanafifia, satini ndio haisamehi. Akiba ikiwa hakuna, ingiza kipande kutoka kwapani mpaka kiunoni, hata kwa kitambaa cha kilemba, na kama lina mikono basi mshono wa chini ya mkono nao ufumuliwe uendelezwe, la sivyo mkono wa gauni utakuwa mdogo kuliko tundu lake. Gauni la prinsesi ni rahisi zaidi, unaachia mishono ileile inayopita kifuani.

Na pima ukiwa umevaa sidiria utakayovaa siku hiyo. Narudia, ile ile, kwa sababu sidiria ikibadilika na chuchu inahama na madati yote yanakuwa sio mahali pake.

Dada zangu, acheni kuwaomba mafundi msamaha. Pesa ni yako, kitambaa ni chako. Mwambie akupime juu ya kifua, palipojaa, bega mpaka chuchu, na chuchu kwa chuchu, aandike mbele yako. Akikataa chukua kitambaa chako uondoke kabla hajashika mkasi. Na mafundi wenzangu, acheni inchi 1 ubavuni kila mnapokata gauni la mwanamke, hata kitambaa kiwe kidogo vipi, maana huyo mteja kesho atabeba mimba, atanyonyesha, na gauni bado atalitaka.