ULIZA FUNDI: Nyota iliyomezwa ncha

Swali: Shikamoo Fundi. Najifunza kushona mfarishi wa viraka kwa cherehani. Nimeanza na bloku (mraba mmoja wa mfarishi) ya Nyota ya Urafiki, ile ya vipande tisa: miraba mitano mitupu, na minne iliyoungwa kwa pembetatu mbili, moja nyeusi na moja nyeupe. Mitupu niliikata inchi 4½, na ya kutolea pembetatu inchi 4⅞ kama kielelezo kilivyosema. Nilishona nikifuata ukingo wa mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa. Bloku ilitakiwa itoke inchi 12½, lakini safu ya juu haifiki 12, ya katikati ni fupi zaidi, na ncha za nyota zimemezwa na mshono. Nilikata vibaya?
*Mshoni Mpya*

Jibu: Marahaba mwanangu. Mkasi wako hauna kosa. Namba ulizoniandikia zinamtaja mkosaji, naye ni huo mguu wa cherehani ulioufuata.

Bloku hizi hushonwa kwa mshono wa robo inchi, na miguu mingi ya kawaida ukingo wake uko mbali zaidi ya hapo na sindano. Tuseme wako unakupa ⅜. Utasema ⅛ si kitu. Haya, hesabu: safu ya vipande vitatu ina mishono miwili, na kila mshono hula pande mbili. ⅛ mara nne ni nusu inchi, basi 12½ imeshakuwa 12. Tena mshono wa ulalo nao ulikuwa mnene, ukapunguza kila mraba wa pembetatu. Safu ya juu ina mmoja wa namna hiyo, ya katikati ina miwili. Ndiyo maana zimepishana, na hapo ukivuta kitambaa ili zilingane utaharibu zaidi. Fumua.

Kabla hujarudia, chora mstari kwenye karatasi, robo inchi kutoka ukingoni. Shusha sindano juu ya mstari, kisha bandika utepe kwenye bamba la cherehani kufuata ukingo wa karatasi. Utepe huo ndio uufuate, mguu uusahau. Jaribu kwa vipande vitatu vyembamba vya upana wa inchi 1½: ukiviunga na kuvipiga pasi, cha katikati kiwe inchi 1 kamili na upana wote 3½. Kikipungua, sogeza utepe karibu na sindano kiasi cha unene wa uzi, kwa sababu mkunjo wa kitambaa nao hula nafasi.

Sasa hiyo 4⅞. Pembetatu yenye robo inchi ya mshono pande zote huhitaji ziada ya inchi 0.85 hivi juu ya kipimo cha mwisho, yaani inchi 4 za mraba ukishaungwa pande zote. Watunga vielelezo wakaisogeza hadi ⅞ kwa kuwa ndiyo inayosomeka kwenye rula. Ni hesabu sahihi, lakini haisamehe mkono unaotetereka. Mimi hukata inchi 5 na kupunguza baadaye. Wapo watakaokwambia ni kupoteza kitambaa. Waache, wakimaliza kufumua watakukuta unapiga pasi.

Weka mraba mweupe juu ya mweusi, nje kwa nje. Chora ulalo kwa penseli mgongoni mwa ule mweupe, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari. Umepata miraba miwili. Jozi mbili zitakutosha kwa nyota nzima. Punguza kila mmoja hadi 4½, mstari wa ulalo wa rula ukilala juu ya mshono wenyewe. Hapo vimasikio, zile ncha zinazochomoza pembeni, navyo huondoka.

Kwenye pasi nenda taratibu. Ulalo umekatwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, na hanamu hunyumbuka kama ngozi mbichi. Gandamiza kwanza mshono ukiwa umefungwa, ndipo ufungue kuelekea rangi nyeusi. Inua pasi na uishushe, usiiburute, na mvuke uuache. Kitambaa chepesi kitie wanga kabla ya kukata. Kisha panga vipande vyote tisa mezani kabla ya kuunga, maana mraba mmoja ukigeuka, nyota haizunguki tena.

Swali: Fundi, nahitaji miraba mingi ya pembetatu kwa mara moja. Nimeona njia ya kushona jozi kuzunguka kingo zote nne na kukata msalaba wa ulalo. Unaishauri?
*Mwenye Haraka*

Jibu: Siishauri. Inakupa minne upesi, lakini kingo zote za nje zinakuwa hanamu, na bloku itayumba kabla hujaimaliza.

Badala yake, chukua miraba miwili mikubwa iliyowekwa nje kwa nje, kila mmoja mara mbili ya ule ambao ungeukata kwa njia ya kawaida. Badala ya inchi 5, kata 10. Chora mistari yote miwili ya ulalo, shona robo inchi kila upande wa mistari yote miwili. Kata kwanza katikati, wima na mlalo, bila kusogeza kitambaa, ndipo ukate juu ya mistari ya penseli. Utatoka na minane, na kingo zake za nje zinafuata mtande na mshindio, yaani nyuzi za wima na za mlalo za kitambaa.